Kumlinda mtetezi anayepinga adhabu ya kifo: mwongozo kwa vikundi vidogo, mawakili na familia

Mtu anayepinga adhabu ya kifo anaigusa dola mahali inapojihesabu kuwa na mamlaka ya mwisho juu ya mwanadamu, na ndiyo maana mara nyingi huandamwa hata katika nchi zinazovumilia mjadala juu ya mambo mengine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaobaki wakiwa huru siku mtetezi anapokamatwa: wenzake wa kikundi, wakili wake, ndugu zake, na familia za wahukumiwa aliokuwa akiwahudumia.

Kila hatua hapa chini inapimwa kwa kipimo kimoja. Anayemkamata mtetezi wa namna hii huwaumiza watu wawili kwa mkono mmoja: yule aliyetiwa pingu, na yule aliye katika chumba cha waliohukumiwa kunyongwa, ambaye kuanzia siku hiyo hana mtu wa kumwandikia ombi, kumpelekea barua, wala kuuliza kama bado yu hai. Kwa hiyo msijipime kwa kumtoa mwenzenu rumande peke yake. Jipimeni pia kwa kuangalia kama, katika muda wote aliokuwa ndani, kuna rufaa ya mhukumiwa hata mmoja iliyopitwa na tarehe kwa sababu hakuna aliyeikumbuka.

Jifunzeni majina mengine ya ukandamizaji

Ni nadra hati ya mashtaka kusema kwamba mshtakiwa alipinga adhabu ya kifo. Kosa huitwa kwa jina jingine, na kikundi kisichoyajua majina hayo mapema hujikuta kikijibu shtaka ambalo hakikulitazamia, kwa nyaraka ambazo hakikuzitunza.

Jina la kwanza ni fedha. Ales Bialiatski wa Belarus ndiye aliyeasisi Viasna, shirika ambalo limewasaidia ndugu za wahukumiwa katika nchi ambayo familia haiambiwi siku ya utekelezaji wala haikabidhiwi mwili. Serikali ililifutia shirika hilo usajili mwaka 2003, hivyo fedha zake zikawekwa katika akaunti za nje zilizofunguliwa kwa jina binafsi la Bialiatski. Taarifa za akaunti hizo zilipotolewa na Lithuania na Poland kwa utaratibu wa kawaida wa nchi kusaidiana kisheria, zikawa msingi wa shtaka la kukwepa kodi, na mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Mwaka 2023, wakati tayari ametunukiwa Nobel ya Amani ya mwaka 2022, alihukumiwa tena kifungo cha miaka 10, na safari hiyo moja ya makosa ilikuwa kusafirisha fedha taslimu kwa magendo. Tazameni mpangilio wake: kwanza shirika linanyimwa njia halali ya kupokea fedha, kisha linaadhibiwa kwa njia iliyobaki.

Jina la pili ni usalama wa taifa. Nchini Iran, Narges Mohammadi alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka 16, na miaka 10 kati ya hiyo ilitokana na kuanzisha na kuongoza kikundi kilichoitwa haramu, yaani kampeni ya Legam ya kuiondoa adhabu ya kifo hatua kwa hatua. Katika nchi hiyo hiyo, Golrokh Ebrahimi Iraee alihukumiwa miaka sita kwa sababu ya hadithi ambayo hakuwahi kuichapisha, kuhusu adhabu ya kupigwa mawe hadi kufa, iliyokutwa nyumbani kwake wakati wa upekuzi. Kisa hicho kina funzo kubwa kwa kila anayeandika: rasimu iliyomo ndani ya daftari inaweza kuhesabiwa na mwendesha mashtaka kuwa ni tendo.

Yapo majina mengine. Kuna kudharau mahakama: mwandishi Alan Shadrake alihukumiwa nchini Singapore mwaka 2010 kifungo cha wiki sita na faini kwa yale aliyoyaandika kuhusu jinsi adhabu ya kifo inavyotolewa huko. Kuna habari za uongo, ambazo sheria ya Singapore ya mwaka 2019 inampa waziri uwezo wa kuagiza zisahihishwe, na wapinzani wa adhabu ya kifo wamepokea maagizo hayo zaidi ya mara moja. Kuna kukiuka siri za serikali, hatari iliyo wazi katika nchi kama China na Vietnam, ambako idadi ya wanaouawa kwa amri ya mahakama ni siri kisheria, hivyo hata kuihesabu kwa kuziuliza familia kunaweza kugeuzwa kosa. Kuna kibali cha maandamano. Nchini Gambia, baada ya wafungwa tisa kuuawa kwa risasi mwezi Agosti mwaka 2012, waandishi wa habari wawili walikamatwa mwezi uliofuata walipoomba ruhusa ya kufanya maandamano ya amani kupinga mauaji hayo. Na Imamu Baba Leigh, aliyeyalaani hadharani, alichukuliwa mwezi Desemba na kushikiliwa kwa miezi mitano bila kufikishwa mahakamani.

Halafu kuna ukandamizaji usio na hati yoyote, ambao kwangu mimi ndio wa kuogopwa zaidi. Wakili Rashid Rehman wa Multan, Pakistan, alikubali kumtetea mhadhiri aliyeshtakiwa kwa kukufuru, kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kifo. Alitishiwa kesi ikisikilizwa, mbele ya hakimu, na hakupewa ulinzi. Tarehe 7 Mei mwaka 2014 alipigwa risasi ofisini kwake akafa. Serikali inayonyamaza mtetezi anapotishiwa mbele ya macho yake inabeba sehemu ya yale yanayofuata, kwa hiyo tishio la mtu binafsi liandikwe na kuripotiwa kwa uzito ule ule wa amri ya polisi.

Kaeni na wakili wakati bado mna utulivu, mpitie sheria za nchi yenu kwa kufuata majina haya, na kwa kila moja mjiulize swali hili: tukishtakiwa kwa kosa hili kesho asubuhi, ni karatasi gani itatuokoa, na ni ipi itatuangamiza? Majibu yenu ndiyo yatakayowaonyesha pa kuanzia maandalizi.

Yafanyeni haya kabla ya siku yenyewe

Hati ya kumpa wakili mamlaka isainiwe mapema. Mahali pengi polisi humzuia wakili mlangoni kwa hoja kwamba aliyekamatwa hajamteua, huku aliyekamatwa akizuiwa kumwita. Hati iliyosainiwa, yenye nakala kwa wakili na kwa ndugu mmoja, humaliza ubishi huo au angalau huacha ushahidi kwamba ubishi ulikuwa wa uongo. Wateuliwe mawakili wawili, wa ofisi tofauti, kwa sababu wakili naye ni mlengwa. Nasrin Sotoudeh, aliyewatetea nchini Iran watu waliohukumiwa kifo kwa makosa waliyodaiwa kuyatenda wakiwa watoto, alikamatwa mwaka 2010 na tena mwaka 2018. Wateja wa wakili anayefungwa hubaki wakitafuta mtu wa kuanza kuzisoma upya kesi zao, na kusoma upya kesi ya mauaji yenye kurasa mamia ni kazi ya wiki nyingi ambazo mhukumiwa huenda hana.

Kila mtetezi aandike, kwa mkono wake, karatasi ya maagizo. Ndani yake aeleze kama anataka habari za kukamatwa kwake zitangazwe au zisitangazwe, na baada ya muda gani. Nani asemee familia. Dawa anazotumia na maradhi aliyonayo. Nani awachukue watoto shuleni. Na kama anakubali jina lake lipelekwe Umoja wa Mataifa. Ridhaa hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Bila hiyo, mashirika mengi ya kimataifa hayatachukua hatua kwa jina lake, na nyinyi wenyewe mtabishana juu ya matakwa ya mtu ambaye hamwezi kumuuliza. Karatasi ipitiwe upya kila baada ya miezi michache, kwa kuwa hali ya familia hubadilika na woga nao hubadilika.

Familia ielezwe ukweli. Mwaka 2010 wakili Mohammad Mostafaei alipotafutwa na maofisa wa Iran wakati akimtetea Sakineh Mohammadi Ashtiani, aliyehukumiwa kupigwa mawe, mke wake na shemeji yake walishikiliwa yeye alipokosekana, na mwishowe aliikimbia nchi akapata hifadhi Norway. Ndugu ambaye hakuambiwa lolote hawezi kujiandaa, na ndugu anayeshtukizwa ndiye anayesaini chochote anachowekewa mbele. Kaeni na mke, mume au mzazi, mumwambie ni maswali gani anaweza kuulizwa, na kwamba ana haki ya kutaka wakili kabla ya kujibu.

Sasa nifike kwenye faili za wahukumiwa, maana hapa ndipo vikundi vingi huwa dhaifu. Tengenezeni daftari moja la tarehe, ambalo kwa kila mhukumiwa linaonyesha kesi imefika mahakama gani, siku ya mwisho ya kukata rufaa, kama ombi la msamaha limewasilishwa, na ni wakili gani amelisajili jina lake katika kesi. Daftari hilo lisiwe na maelezo ya kampeni wala majina ya watoa taarifa. Nakala yake ikae kwa watu wawili wasioonekana hadharani, ambao hawahudhurii mikutano na waandishi wa habari wala hawatajwi katika matamko yenu. Mtetezi mkuu akikamatwa, wawili hao hawashughuliki naye hata kidogo: wao wanaifuata mahakama ya rufaa, wanaipigia familia ya mhukumiwa, na wanahakikisha barua ya kila mwezi kwa mhukumiwa inafika gerezani. Najua ni vigumu kumwambia rafiki asikimbilie kituo cha polisi wakati mwenzake yuko ndani. Hata hivyo mgawanyo huu ukivunjwa siku ya kwanza, haurudi.

Kuhusu fedha, pokeeni kwa maandishi, tumieni kwa risiti, na mpate mkaguzi wa hesabu hata kama kiasi ni kidogo. Pale ambapo usajili umekataliwa, wekeni kumbukumbu ya maombi yote ya usajili na majibu yake, ili mahakama, au chombo cha kimataifa baadaye, kione kwamba mlitafuta njia halali mkafungiwa. Mtu mmoja asibebeshwe fedha za wote kwa jina lake ikiwa ipo njia yoyote nyingine.

Kuhusu simu na kompyuta, kanuni yenye manufaa kuliko zote ni kuwa na vitu vichache. Kisichokuwepo hakiwezi kukamatwa. Mawasiliano kuhusu kesi yapite kwenye programu zinazoyafunga maneno yasisomeke njiani, kama Signal, na ujumbe ujifute baada ya siku mlizokubaliana. Simu ifunguliwe kwa nenosiri refu badala ya alama ya kidole, kwa kuwa kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu. Usafi huu ufanyike wakati wa amani. Mtu akishakamatwa, yeyote anayefuta nyaraka kutoka mbali anaweza kushtakiwa kwa kuharibu ushahidi, na shtaka hilo, tofauti na mengine, huenda likawa la kweli.

Saa za mwanzo

Mwenzenu akichukuliwa, mtu mmoja ashike kalamu. Aandike saa, mahali, idadi ya waliomchukua, sare au mavazi yao, namba ya gari, kama walionyesha hati, maneno waliyoyasema, na vitu walivyobeba. Aandike pia majina ya mashahidi, lakini katika karatasi tofauti. Taarifa iliyoandikwa ndani ya saa chache ina nguvu ambayo kumbukumbu ya wiki mbili baadaye haiwezi kuwa nayo, na karibu kila chombo cha malalamiko kitaanza kwa kuuliza mambo haya haya.

Wakili aende kwenye vituo moja baada ya kingine na kuuliza kwa maandishi kama mtu huyo yupo. Akikataliwa, aandike jina na cheo cha aliyemkatalia. Muda wa kisheria wa kumfikisha mahakamani ukipita, afungue ombi la kumtaka anayemshikilia amlete mbele ya jaji na aeleze sababu za kumshikilia. Hata pale ambapo mahakama hukataa maombi hayo kwa mazoea, liwasilisheni, kwa sababu kukataliwa kwenyewe kutakuwa sehemu ya faili la kimataifa. Akionekana, jambo la kwanza kutazamwa ni afya yake: majeraha yaelezwe kwa maneno na, inapowezekana, yapigwe picha na kuthibitishwa na daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuweka kumbukumbu za mateso.

Wakati huo huo wale wawili wenye daftari la tarehe wawe wamelifungua.

Jinsi ya kuandika kwa vyombo vya kimataifa

Watetezi wengi huogopa sehemu hii wakidhani inahitaji taaluma kubwa. Inahitaji uangalifu. Msingi wake ni Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki za binadamu, lililopitishwa na Baraza Kuu tarehe 9 Desemba mwaka 1998, linalotambua haki ya kila mtu, peke yake au pamoja na wengine, kuzitetea haki za binadamu kwa amani. Ikiwa nchi yenu imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, tajeni ibara ya 19 kuhusu uhuru wa kujieleza, ya 21 kuhusu kukusanyika, ya 22 kuhusu kujiunga katika vyama, ya 9 kuhusu kukamatwa kiholela, na ya 14 kuhusu kesi ya haki. Kwa upande wa mhukumiwa, ibara ya 6 inazitaka nchi ambazo bado zina adhabu ya kifo ziibakize kwa makosa makubwa kabisa tu, na Kamati ya Haki za Binadamu, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia utekelezaji wa Mkataba huo, katika Maoni ya Jumla namba 36 ya mwaka 2018, imefafanua kuwa hayo ni makosa ya kuua kwa kukusudia. Mtetezi anayesema kwamba mfungwa wa dawa za kulevya hapaswi kunyongwa anaurudia msimamo wa Kamati hiyo, na sentensi hiyo iandikwe wazi katika malalamiko yenu.

Mlango wa haraka ni wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa. Yupo anayeshughulikia hali ya watetezi wa haki za binadamu, ambaye nafasi yake ilianzishwa mwaka 2000, na yupo anayeshughulikia mauaji ya kiholela au yasiyofuata sheria, ambaye nafasi yake ni ya tangu mwaka 1982. Waandikieni wote wawili kwa pamoja: wa kwanza kuhusu mwenzenu, wa pili kuhusu mhukumiwa ambaye kwa kukamatwa kwa mwenzenu amepoteza msaada. Hamhitaji kuwa mmemaliza mahakama zote za nchi yenu, wala nchi haihitaji kuwa imeridhia mkataba wowote. Mtaalamu anaweza kutuma wito wa dharura kwa serikali, au barua ya madai ambayo kwa kawaida serikali hupewa siku 60 kuijibu, kisha barua na majibu huwekwa hadharani. Jina la aliyeleta taarifa hufichwa, lakini jina la mwathirika kwa kawaida huonekana, na ndiyo sababu nimesisitiza karatasi ya ridhaa.

Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wanaoshikiliwa kiholela, kilichoundwa mwaka 1991, hutoa maoni rasmi kama kifungo ni cha kiholela au la. Huchukua muda mrefu zaidi, lakini maoni yake hutumika vizuri mahakamani na mbele ya serikali rafiki. Ikiwa mwenzenu ameandamwa kwa sababu alitoa taarifa kwa Umoja wa Mataifa, hilo ni kosa la pili linalojitegemea: tangu mwaka 2016 yupo ofisa wa ngazi ya Katibu Mkuu Msaidizi aliyepewa jukumu la kufuatilia ulipizaji kisasi wa namna hiyo, na Katibu Mkuu hutoa ripoti yake kila mwaka. Barani Afrika, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina mtaalamu maalumu wa watetezi tangu mwaka 2004 na kikundi kazi kuhusu adhabu ya kifo tangu mwaka 2005. Mabara mengine yana vyombo vyao, na wakili atajua kipi kinaihusu nchi yenu.

Kamati ya Haki za Binadamu yenyewe hupokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja, na inaweza kuiomba nchi isitishe utekelezaji wakati inasikiliza, lakini kwa nchi zilizoridhia Itifaki ya Kwanza ya Hiari ya Mkataba ule wa mwaka 1966 tu. Msiipe familia ya mhukumiwa matumaini yanayozidi ukweli. Belarus iliwaua wahukumiwa kadhaa ambao Kamati ilikuwa imeomba wasiuawe kwanza, na mwaka 2022 ilitangaza kujitoa katika Itifaki hiyo, uamuzi ulioanza kutumika mwezi Februari mwaka 2023. Malalamiko yanafaa kupelekwa hata hivyo, kwa kuwa yanaweka kumbukumbu rasmi ya nani aliuawa huku kesi yake ikiwa hai.

Uandishi wenyewe uwe mkavu. Sentensi ya kwanza imtaje mtu, kazi yake, siku na mahali alipokamatwa. Ya pili imtaje aliyemkamata na sababu iliyotolewa. Kisha inafuata aya ambayo ndiyo roho ya barua yote, inayoonyesha uhusiano kati ya kukamatwa na kazi yake: siku ngapi kabla alikuwa ametoa tamko, ni maswali gani aliulizwa wakati wa mahojiano, ni nyaraka zipi zilichukuliwa. Ikiwa ameshtakiwa kwa kodi lakini aliulizwa kuhusu majina ya familia za wahukumiwa, andikeni hivyo, kwa maneno yale yale aliyoyasikia wakili. Malizieni kwa kusema mnaomba nini na kwa nini ni dharura. Kurasa mbili zinatosha. Vivumishi vya hasira viondoeni, kwa maana msomaji wenu ana barua nyingi mezani na anatafuta tarehe.

Kwa msaada wa papo kwa hapo, yaani nauli, wakili, matibabu au mahali pa kujihifadhi kwa muda, yapo mashirika yaliyoundwa kwa kazi hiyo, kama Front Line Defenders lenye makao Dublin, DefendDefenders la Kampala kwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, na mpango wa pamoja wa FIDH (Shirikisho la Kimataifa la Haki za Binadamu) na OMCT (Shirika la Dunia dhidi ya Mateso). Muungano wa Dunia dhidi ya Adhabu ya Kifo, ulioundwa mwaka 2002, unaweza kuwaunganisha na vikundi vinavyofanya kazi hii hii kwingine. Wasilianeni nayo kabla ya siku ya hatari, kwa sababu kuthibitisha kwamba nyinyi ni nani huchukua muda.

Kusema hadharani bila kuongeza madhara

Kelele huwasaidia wengine na huwaumiza wengine. Karatasi ya maagizo ndiyo iongoze. Isipokuwepo, wakili na ndugu wa karibu waamue pamoja, na uamuzi uandikwe. Serikali inayojali sura yake mbele ya wafadhili au wawekezaji mara nyingi hulegea jina likitajwa mapema, ilhali ile iliyokwisha kumwita mtetezi kibaraka wa mataifa ya nje inaweza kukaza kamba ikiona mataifa hayo hayo yanamtetea.

Kuhusu tuhuma hiyo ya ukibaraka, lipo jibu lenye takwimu. Mwezi Desemba mwaka 2007 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa wito wa kusitisha utekelezaji wa adhabu ya kifo kwa kura 104 dhidi ya 54. Mwezi Desemba mwaka 2024 wito kama huo ulipata kura 130 dhidi ya 32. Kura hizo zilitoka katika kila bara, na mtu anayeunga mkono msimamo wa nchi 130 hawezi kuelezwa kwa haki kuwa anatumikia nchi moja.

Kila sentensi mnayoitangaza iwe na ushahidi unaoweza kuonyeshwa siku hiyo hiyo. Msimwite jaji muuaji, hata moyo ukiwaka, kwa kuwa shtaka la kudharau mahakama halihitaji zaidi ya hapo, na mhukumiwa atakayepelekwa mbele ya jaji huyo hatafaidika na ujasiri wenu. Semeni upungufu: ungamo lililopatikana bila wakili, mkalimani asiyekuwepo, daktari aliyekataliwa. Na waheshimuni waliofiwa na mtu ambaye mhukumiwa anadaiwa kumuua. Mtu aliyeuawa alikuwa na mama, na kampeni inayomtaja kwa kupita tu huwapa wapinzani hoja iliyo ya kweli. Watajeni waliouawa kwa majina ikiwa familia zao zimeridhia, na kama kuna ndugu wa marehemu asiyetaka mtu anyongwe kwa niaba yake, asisukumwe na yeyote ajitokeze. Akijitokeza mwenyewe, naye alindwe kwa hatua hizi hizi.

Tarehe 10 Oktoba, siku ya dunia ya kupinga adhabu ya kifo, iandaliwe kwa tahadhari yake. Kwa kuwa tarehe hiyo inajulikana mapema, inajulikana pia na wanaowafuatilia. Wale wawili wa daftari wasionekane siku hiyo.

Mwenzenu akiwa gerezani

Tembeleeni kila siku inayoruhusiwa, hata mkirudishwa mlangoni, na kila kurudishwa kuandikwe. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2015, zinakataza mtu kufungiwa peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, na zinampa mfungwa haki ya matibabu ya kiwango kile kile kinachopatikana uraiani. Kunyimwa matibabu ni adhabu inayotumika mara nyingi dhidi ya watetezi kwa sababu haiachi amri iliyoandikwa, hivyo ombi la daktari lipelekwe kwa maandishi, na nakala yake igongwe muhuri.

Mara nyingine mtetezi aliyefungwa huendelea na kazi akiwa ndani. Tangu mwezi Januari mwaka 2024 wafungwa wa Iran, wakianzia gereza la Ghezel Hesar, wamekuwa wakigoma kula kila Jumanne kupinga unyongaji, na mgomo huo umeenea katika magereza mengi. Ikiwa mwenzenu atachagua njia hiyo, msimshinikize kuendelea wala kuacha. Mtafutieni daktari anayeaminika atakayemweleza kwa faragha yatakayoupata mwili wake, na mjue kwamba Azimio la Malta la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1991, linakataa mtu mwenye akili timamu kulishwa kwa nguvu.

Baada ya kuachiwa

Kuachiwa mara nyingi huja na masharti: hati ya kusafiria imezuiliwa, leseni ya uwakili imesimamishwa, akaunti imefungwa, kesi ipo lakini haitajwi. Kila sharti lifunguliwe faili lake na kupingwa peke yake, la sivyo litakaa kwa miaka bila mtu kulihoji. Mpeni muda kabla ya kumrudisha jukwaani, na kama alikuwa kiongozi, msifikiri kwamba lazima arudi kwenye kiti kile kile. Kama uamuzi ni kuondoka nchini, kesi zake zikabidhiwe kwa maandishi kabla hajapanda gari, kila mhukumiwa akijua jina la wakili mpya.

Kisha wale wawili walete daftari la tarehe. Kaeni naye, mpitie jina kwa jina: nani amekata rufaa, nani amepunguziwa adhabu, nani ameuawa wakati yeye yuko ndani na familia yake imeambiwa nini. Ana haki ya kuyajua hayo kutoka kwenu kabla hajayasoma kwingine. Mkimaliza, amueni pamoja ni kesi zipi azichukue tena na zipi zibaki kwa waliozishika, na siku hiyo hiyo muandike barua kwa kila mhukumiwa kumweleza mabadiliko hayo.